Siku Niliyosema Tumeelewa

Kijiwe chetu kiko Kijenge, ukutani mwa karakana ya Injinia. Benchi alilichomelea mwenyewe kwa mabaki ya nondo za madirisha ya watu, ndiyo maana ukikaa sana linakuchora mistari mahali usipoweza kumwonyesha mtu. Ikifika saa nne asubuhi tunakuwa tumeshajipanga: mimi, Injinia, Dola, na Mzee Jamaldini mwenye birika la kahawa, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa. Mimi wananiita Spika. Jina hilo nililipenda miaka kumi na moja mfululizo, na Ijumaa hii ninayoisimulia ndiyo niliyoanza kulichukia. Kichwani nilivaa kofia mpya ya bluu niliyopewa kwenye kikao cha wadau wa haidrojeni. Kwenye mfuko wa shati nilikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, yenye swali moja la watu wa kwetu Nduruma. Walinituma niliulize kwenye kikao hicho. Sikuliuliza. Halafu nikapiga simu nyumbani nikasema nimeliuliza.

Wenzangu hayo hawakuyajua. Walichokiona ni kofia.

Dola: Spika, hebu geuka. Aisee! Haidrojeni imekukaa vizuri kuliko ile suti ya ubarikio wa mwanao kanisani.

Dola ni Dismasi. Zamani alikuwa dalali wa tanzanite, mawe kwenye karatasi, karatasi kwenye soksi. Biashara za vichochoroni zilipobanwa akabaki na mdomo tu, na mpaka leo kila kitu duniani anakiuliza uzito.

Dola: Sasa nieleze taratibu. Hiyo kitu inauzwa kwa gramu au kwa kilo?

Mimi: Kwa kilo.

Dola: Gesi? Kwa kilo? Gesi haina uzito, bwana.

Injinia: Mtungi wa jikoni kwako umeandikwa kilo sita. Hizo kilo sita ni urembo?

Dola: Zile ni za chuma.

Injinia: Yesu wangu. Huyu mtu anapiga kura.

Injinia ni Calvin, fundi wa kuchomelea. Uinjinia hajausomea popote, lakini mkono wake una akili kuliko vichwa vingi vyenye vyeti, na hilo analijua sana, ndiyo shida yake.

Injinia: Sikilizeni niwafundishe bure. Haidrojeni naijua tangu nachaji betri za malori kule Kisongo. Betri ukiizidishia chaji, maji ndani yanatoa vipovu. Vile vipovu ndiyo yenyewe! Umeme ukiingia kwenye maji, unayachana: haidrojeni inatokea upande huu, oksijeni upande ule. Siku moja nikawasha kiberiti karibu.

Dola: Ikawaje?

Injinia: Unaziona hizi nyusi? Hizi ni toleo la pili.

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa pua, mdomo nimeufunga, kama ninavyocheka siku zote.

Dola: Kwa hiyo maji yanaungua. Maji! Ndiyo maana wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Yageuze gesi uone kama hayazoleki.

Injinia: Methali haina maana hiyo.

Dola: Wahenga hawakuwa na mitungi. Spika, wewe ulikaa meza ya mbele na mabwana wakubwa. Ni kweli au si kweli?

Hapo ndipo waliponitafuta. Ningeweza kunywa kahawa yangu nikanyamaza, lakini mtu akizoea kuitwa Spika, ulimi unasimama wenyewe. Nikaeleza. Nikasema kampuni inataka kuweka paneli za jua kule Nduruma, ekari nyingi tu. Umeme wake utaingia kwenye mashine ya kuchana maji. Haidrojeni ikishapatikana inaunganishwa na naitrojeni ya hewani, inakuwa amonia, na amonia inatengenezewa mbolea. Mbolea ndiyo wanayotaka kuuza, si gesi ya kupikia.

Dola: Na faida?

Mimi: Bado. Walisema wenyewe. Wengi duniani wanaitoa haidrojeni kwenye gesi asilia, na ile inatoka kwa bei ya chini sana. Hii ya maji na jua ni ghali mara mbili, pengine tatu. Kilo moja inakula umeme wa kutosha nyumba yako mwezi mzima, ukizima pasi. Kwa hiyo kwanza wanatafuta mnunuzi wa kusaini mkataba wa miaka mingi. Bila mnunuzi hata msingi hawachimbi.

Injinia alinitazama kwa heshima. Mzee Jamaldini akaniongezea kahawa bila kuombwa. Na hapo niseme kinachoniuma mpaka leo: niliwaelewa wale watu. Kila neno. Ningekuwa mjinga ningesameheka.

Dola: Sasa mnakosea wapi? Kitu kikiwa ghali ndiyo wakati wa kununua! Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tununue leo leo, kesho tutakuta foleni. Mimi nitaiweka kwenye puto. Puto moja, gramu moja. Nauza Soko Kuu.

Injinia: Haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa. Puto litapaa.

Dola: Basi mzigo unajipeleka sokoni wenyewe. Nitoe nauli ya nini?

Injinia: Mimi mashine natengeneza hapa hapa. Pipa moja, vyuma viwili, betri ya lori, paneli ya kukopa kwa jirani. Maji nayakinga kwenye bati. Mvua ikinyesha, mimi ni Uarabuni.

Dola: Na kiangazi?

Injinia: Kiangazi naenda chanzo chenyewe. Mnajua Mlima Meru ulipasuka ubavu kwa nini? Huko ndani kuna maji, kuna chuma, kuna joto. Maji, chuma, joto. Ile ni betri, jamani! Ilizidishiwa chaji, ikalipuka. Tumezaliwa juu ya betri hatujui.

Dola alisimama. Naapa alisimama, kikombe mkononi.

Dola: Wazungu! Wale wanaopanda mlimani na vijiti viwili! Eti vya kutembelea. Mtu mzima mwenye miguu yake anatembea na fimbo mbili kwa nini? Kimoja chanya, kimoja hasi. Wanapima chaji!

Injinia: Kumbe!

Dola: Na kilo za mlima mzima ni ngapi? Spika, piga hesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi ukuta ndiyo tunautaka, ajira kwa mafundi.

Nilikuwa nacheka kwa pua na jasho linanitoka chini ya kofia. Karatasi mfukoni ilikuwa inakwaruza kifua kila nikivuta pumzi. Nilitamani wauchimbe huo mlima wao mpaka jioni, wasirudi tena kwenye kikao. Lakini Mzee Jamaldini, ambaye haongei mpaka achoke kusikiliza, aliweka birika chini.

Jamaldini: Mimi nina moja. Hiyo mashine inakunywa maji gani?

Mimi: Maji tu, mzee.

Jamaldini: Hakuna maji tu. Kahawa hii nikiipikia maji ya visima vya upande wenu mtaitema. Nauliza, inakunywa haya haya?

Mimi: Hapana. Lazima yachujwe. Yakibaki na madini, mashine inakufa mapema.

Jamaldini: Na floraidi?

Mimi: Inatolewa. Yote.

Injinia alipeleka mkono mdomoni, nami nikagundua wangu ulikuwa umeshafika.

Wa mbali nimweleze. Maji ya maeneo mengi kuuzunguka mlima wetu yana floraidi nyingi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa tangu mdogo, meno yake ya ukubwani yanaota ya kahawia, mengine yanamomonyoka, hata uyasugue kwa mchanga. Injinia kakulia Nduruma kama mimi, meno yetu ni hayo. Nenda Dar ukacheke uone watu wanavyokutazama mdomoni, wanakuuliza unavuta sigara ngapi. Mtu wa kwetu anajifunza kucheka kwa pua kabla hajajua kusoma.

Dola: Kwa hiyo mashine itakunywa maji ambayo nyie hamjawahi kuyanywa.

Hakuwa anatania. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Jamaldini: Na mlipewa nafasi ya kuuliza?

Mimi: Ilikuwepo.

Jamaldini: Ukauliza?

Mimi: Waliandika, mzee. Waliandika kila kitu.

Mungu ananisikia, sijui nilitegemea nini. Maana hapo hapo nilimwona Mama Prisca anavuka barabara.

Mama Prisca ni Elirehema, mke wa marehemu mdogo wangu. Alikuwa amejifunga kitenge cha umoja wa wanawake wa usharika, ana vumbi la Nduruma mpaka magotini, na kwapani amebana jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

Elirehema: Shikamoo mzee. Hamjambo kijiweni? Bwana asifiwe, shemeji.

Tuliitikia. Mzee Jamaldini akamsogezea kigoda chake, yeye akasimama.

Elirehema: Sikai sana. Shemeji, akina mama wamekutumia huyu. Nilitaka nilete mayai, wakakataa. Wamesema mtu aliyesimama mbele ya wakubwa akatusemea, hapewi mayai.

Akamweka jogoo mapajani kwangu. Alikuwa wa moto na moyo wake unakwenda mbio.

Elirehema: Tuna mkutano kesho baada ya ibada ya mazishi ya Mzee Simel, kila mtu atakuwepo. Nimetumwa jibu. Walijibu nini?

Nikapiga funda la kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu.

Dola, rafiki yangu wa kweli, alidhani nimepaliwa, akaingilia kunisaidia.

Dola: Mama, mambo haya ni ya kitaalamu. Kwanza kuna chanya na hasi. Ukiutazama ule mlima...

Elirehema: Baba, samahani. Sikuuliza mlima. Walijibu nini?

Injinia: Unajua, dada, soko la dunia bado halijatulia. Mnunuzi hajasaini...

Elirehema: Sawa. Kuhusu bomba la maji safi ya watoto, walijibu nini?

Watu watatu tuliokuwa tumeuchaji na kuuza mlima mzima kwa kilo, tukawa tunamtazama jogoo.

Elirehema: Shemeji?

Nilitoa karatasi. Alipoiona bado imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye, mara nne, na pembe yake haijachakaa hata kidogo, alielewa. Hakuniuliza. Alisubiri nijiseme mwenyewe, na hiyo ndiyo adhabu aliyonipa.

Nikajisema. Nikawaambia kuhusu ukumbi wa hoteli. Kulikuwa na kamera, na nyuma ya meza ya mbele kulikuwa na skrini kubwa kama geti. Mtu akiongea, uso wake unatokea pale, mdomo ukubwa wa beseni. Mwakilishi aliyenitangulia alikuwa mzee wa kwetu kwetu, meno yake ni haya haya. Alipofungua mdomo, vijana wawili wa kampuni waliokaa nyuma walitazamana, wakacheka. Siyo sana. Kidogo tu. Kipaza sauti kikaja kwangu, dada mmoja akasema kwa heshima, "Mheshimiwa, Nduruma wanasemaje?" Karatasi ilikuwa mkononi. Na swali lenyewe lilikuwa la nini? La meno! Niyaone meno yangu kwenye skrini, nilisome swali lote, watu mia moja wanitazame mdomoni wakilinganisha?

Elirehema: Ukasemaje?

Mimi: Nikasema, tumeelewa. Hatuna swali.

Elirehema: Ukasema hivyo kwa niaba yetu.

Mimi: Wakapiga makofi. Wakaandika kwamba Nduruma wameridhika.

Sikuwaambia kwamba mezani kulikuwa na chupa za maji safi, na mimi nikanywa mbili, ya tatu nikaitia kwenye begi. Nawaambia nyie sasa. Nimeona aibu nyingi maishani, za kuchekwa, za kukamatwa, za kufeli. Zote hizo mtu anakutia. Hii nilijitia mwenyewe, nikaivalia kofia.

Elirehema hakupaza sauti. Mwanamke yule akipaza sauti mtu unapumua.

Elirehema: Shemeji, Prisca ana miaka ishirini na mbili. Hana picha hata moja anacheka. Hata ya harusi yake kainama kama yuko msibani. Kwa Prisca yameshapita. Lakini Derick mwanawe ana miaka miwili. Daktari wa meno alikuja shuleni akatueleza: meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi sasa hivi, wakati huu huu, hatuyaoni. Akishafika miaka minane hata ukimletea maji ya mbinguni umechelewa. Kampuni ikijenga, bomba la maji yaliyochujwa litapita mbele ya nyumba. Tuliomba tawi moja tu. Hata kama wangesema hapana. Ningewapelekea akina mama hapana, wangejua pa kuanzia. Sasa nawapelekea nini? Jogoo wamemtoa kwa lipi?

Injinia alikuwa anatazama viatu vyake. Ana mtoto wa mwaka mmoja, yuko kwa bibi yake kule kule.

Jamaldini: Spika. Mlango umefungwa kabisa?

Mimi: Maoni ya maandishi wanapokea mpaka leo. Saa kumi jioni.

Jamaldini: Leo! Na umekaa hapa unakunywa kahawa?

Mimi: Ndiyo, mzee.

Elirehema: Ofisi yao iko wapi?

Injinia: Kisongo, kabla hujafika uwanja wa ndege. Geti la kijani. Nimelichomelea mimi. Wiki mbili nilikuwa naingia na kutoka pale, na mimi sikuwauliza kitu.

Elirehema alichukua karatasi mkononi mwangu. Halafu akainama, akamchukua na jogoo.

Mimi: Mama Prisca, ngoja nije nawe.

Elirehema: Kaa tu, shemeji. Wewe umeshaelewa.

Akaenda. Jogoo akawa anatutazama juu ya bega lake mpaka walipovuka barabara.

Dola alikohoa. Akasema, unajua, hata ungeuliza, pengine wasingejibu. Akasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa mahali pake, maana mgeni alikuja na mimi nikawazuia wenyeji kupona, na ikaniumiza kuliko zote alizowahi kuziharibu. Nikanyoosha kikombe.

Jamaldini: Kahawa imeisha.

Dola: Mzee, mbona hata saa tano haijafika?

Jamaldini: Nimesema imeisha.

Alinyanyua birika, na sote tuliisikia kahawa inacheza ndani, zaidi ya nusu. Akamwaga majivu ya jiko, akakusanya vikombe kimoja kimoja. Changu akakitoa mkononi mwangu.

Nilivua kofia nikaiacha kwenye nondo za benchi. Sijui nani aliichukua. Nikatoka mbio, mzee wa miaka hamsini na sita, mpaka nikamkuta anaongea na kijana wa bajaji. Alipanda bila kunitazama. Nikapanda upande wa pili, jogoo akiwa katikati. Hakunifukuza. Tulikuwa tumeshaupita mnara wa saa alipofungua karatasi akaniwekea juu ya goti.

Elirehema: Pale utasoma wewe. Jina lililoandikwa kwao ni lako, wakasema limeridhika. Likaseme lenyewe kwamba halijaridhika.

Mimi: Nitasoma.

Elirehema: Kwa sauti.

Mimi: Kwa sauti, Mama Prisca.

Elirehema: Basi anza sasa nikusikie. Na mkono uutoe mdomoni.